Jirani akisema "simjui", usimkasirikie

Nyumba ya babu yetu ipo Ujiji. Ina vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, na uani kuna mchikichi ambao kila mjukuu aliwahi kuuparamia akachapwa. Babu aliijenga pamoja na mdogo wake. Huyo mdogo mtu alipanda treni miaka ya 1950 kwenda mkongeni Tanga, na fedha alizokuwa akituma kutoka huko ndizo zilizonunua mbao na bati. Alioa Tanga, akazikwa Tanga. Watoto wake wawili, shangazi yangu na baba mdogo, walirudi Kigoma wakiwa watu wazima, wakapanga Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa miaka kumi na moja, kisha wakahama, kila mmoja kwa njia yake. Familia ilipokaa kikao cha mirathi, wazee walisema neno moja: nyumba haigawanywi mpaka wana wa mdogo mtu wapatikane.

Kazi ya kuwatafuta nilipewa mimi, kwa kuwa nimesoma. Nikaenda Mwanga na daftari. Nilikuwa nimeandika majina yao matatu matatu kama yalivyo kwenye vyeti, nikawa nagonga mlango baada ya mlango: samahani, mnamfahamu fulani? Alihamia wapi? Kwa siku mbili nilipata jibu moja tu. Simjui. Mama mmoja alinijibu hivyo akiwa amesimama kizingitini, mkono haujatoka kwenye komeo. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye na shangazi walipakana vyumba kwa miaka yote ile kumi na moja, na kwamba ndiye aliyembeba mtoto wa kwanza wa shangazi siku aliyozaliwa.

Nilirudi Ujiji nimefura. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Ulikwenda kama nani?"

Tunapomtafuta mtu aliyehama, wengi wetu tunamwendea jirani kama tunavyoliendea ghala: habari zimo ndani, swali ni ufunguo, na akikataa kufungua tunamwita mkaidi au mwongo. Nimefika mahali pa kuamini kwamba tumelielewa vibaya jambo hili. Jirani aliyebaki ni mlinzi wa aliyeondoka, na ulinzi huo ni haki ya aliyeondoka. Kwa hiyo tusimuulize jirani mtu yuko wapi. Tumwachie ujumbe, na ujumbe uende kwa mwenyewe kwa njia ambayo sisi hatuna haja ya kuijua.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mama pale kizingitini. Anayebisha ni kijana asiyemjua, ana daftari, anataja jina kamili. Anaweza kuwa mtu wa mikopo ya kausha damu anayemfuata mdaiwa. Anaweza kuwa ametumwa na mume ambaye mke wake alitoka usiku na watoto, na majirani ndio waliombebea mizigo. Anaweza kuwa dalali anayetaka sahihi ya mrithi kabla mrithi hajajua kiwanja kina thamani gani. Na hapa Kigoma kuna jambo la ziada ambalo mtu wa Morogoro au Iringa huenda asilione haraka. Tumepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Swali la "huyu alitokea wapi, na amekwenda wapi" lina historia yake kwetu. Wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, swali hilo liliulizwa mlango kwa mlango na watu wenye mamlaka. Mwenyeji wa hapa kwa vizazi bado anaweza kujikuta akieleza babu yake alizikwa wapi. Katika mazingira hayo, "simjui" ni neno la heshima kwa jirani, na aliyelelewa hapa analisema bila kusita.

Wenzetu wa Tabora wana yao. Ulyankulu walipokelewa wakimbizi wa Burundi tangu 1972, na mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakaanza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Kabla ya hapo waliishi miaka kadhaa wakiambiwa kwamba uraia wao utaendana na kuhama, watawanywe mikoa mingine. Aliyekaa muda wote huo akisubiri kujua atapelekwa wapi, ukimuuliza jirani yake aliyeondoka yuko mkoa gani, usishangae akikutazama tu.

Basi hilo ni moja. La pili ni majina, na hapa nakiri kosa lilikuwa langu kabisa. Shangazi hakuna aliyemjua Mwanga kwa jina la cheti. Alikuwa Mama wa mtoto wake wa kwanza, na kwa waliomjua kabla hajazaa alikuwa "dada wa Tanga". Baba mdogo aliitwa kwa kazi yake, kwa sababu alikuwa anatengeneza baiskeli. Jina lenye nukta na herufi kubwa ni la ofisini, la shuleni na la kitambulisho cha taifa. Mtaani mtu anaitwa kwa mwanawe, kwa kazi yake, kwa alikotoka au kwa tukio lililowahi kumpata. Ukitaja jina la cheti unakuwa umeshajitambulisha kwamba unatoka ofisini, au umetumwa na mtu wa ofisini. Hata kama jirani angetaka kukusaidia, huenda kweli hamjui huyo unayemtaja.

Wazee wetu waliokwenda mkongeni waliliona hilo kwa ukali zaidi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, na karani aliandika jina alivyolisikia. Wengi walitoka Kasulu na Kibondo wakiwa na jina moja, wakashuka treni kule wakiwa na jingine. Anayewatafuta leo kwa karatasi peke yake anatafuta watu ambao karatasi haikuwahi kuwajua.

Na kuondoka kwenyewe ni habari ya siku nyingi katika nchi hii ya mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na watu wake waliopanda treni. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakatolewa kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa vijijini. Mtu akasikia jirani yake wa miaka thelathini amepelekwa kijiji kingine. Mpaka leo ukipita baadhi ya sehemu utaonyeshwa mahame: miembe imejipanga mstari katikati ya pori, mtu anakwambia hapa palikuwa kwa fulani, na pale kwa fulani. Wavuvi nao huhama kufuata samaki kusini, Kalya, Ikola, Karema, Kirando, na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wapo walioondoka kutafuta riziki nyingine na hawakurudi kwenye mwalo ule ule. Pia ziwa limepanda miaka ya karibuni na kufukuza watu kando ya ufukwe. Orodha ni ndefu. Ninachotaka kionekane ni kwamba sisi ni watu wenye ujuzi mkubwa wa kupotezana, na kwa sababu hiyo tulishajenga zamani ujuzi wa kupashana habari.

Kila mtoto wa shule Ujiji anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa. Tunaonyeshwa mahali, tunaonyeshwa mnara. Kinachopita haraka kwenye simulizi ni jinsi alivyojua aende wapi. Stanley alikwama kwa miezi Kwihara, karibu na Tabora, kwa sababu ya vita vya Mirambo. Hapohapo alikuta mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Zanzibar mwishoni mwa 1870 ukiwa bado umelala. Barua zilikuwa na anwani sahihi na hazikumfikia mwenyewe. Habari iliyomfikisha Stanley Ujiji ilitoka kwenye msafara aliokutana nao njiani, wakamwambia yupo mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe, mgonjwa, amefika Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Hawakumjua kwa jina. Walimjua kwa sura, kwa hali yake na kwa alikotoka, kama vile Mwanga walivyomjua shangazi.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu, kwa sababu kuna upande wake mgumu. Kama jirani ana haki ya kusema "simjui", neno hilo linaweza pia kumuua mtu aliye hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema, katika shauri la ndoa, mtu ambaye hajasikika kwa miaka mitano au zaidi na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake, anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tazama maneno hayo: wale ambao wangetarajiwa kusikia. Ni nani hao? Ni ndugu na ni majirani. Katika kikao chetu binamu mmoja alisema wazi kwamba baba mdogo hajasikika kwa miaka mingi, twende tukamwandike marehemu, mambo yaishe. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka. Lakini ushahidi wake wote ulikuwa ni zile "simjui" nilizozileta mimi kwenye daftari. Majirani waliokuwa wanamlinda baba mdogo dhidi ya mgeni mwenye daftari walikaribia, bila kujua, kumfuta katika nyumba ya baba yake.

Kosa halikuwa lao, lilikuwa kwenye swali. Swali la "yuko wapi" lina majibu mawili tu: kumsaliti aliyeondoka au kumdanganya anayeuliza. Ujumbe hauna shida hiyo. Ukimwambia jirani, "Mimi ni mtoto wa fulani wa Ujiji, tuna jambo la nyumba ya babu, tunaomba kama kuna anayeweza kumfikishia neno afanye hivyo, si lazima uniambie yuko wapi," jirani halazimiki kusema uongo. Anaweza hata kurudia kwamba hamjui, na bado akaufikisha kesho yake.

Wanaofanya kazi hii kwa taaluma walilijua zamani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na watu wengi waliofika pale walifika wamepotezana na watoto, wazazi, waume na wake. Chama cha Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu kwa kubeba ujumbe mfupi wa habari za familia, unaoachwa wazi bila kufungwa, na anayetafutwa akipatikana huulizwa kwanza kama anakubali mahali alipo pajulikane. Akikataa, anayetafuta hapewi anwani. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa mzito. Mimi nauona kuwa ni adabu ya mtaa iliyoandikwa kwenye fomu.

Linalonitia wasiwasi zaidi leo ni kwamba tunaiacha adabu hiyo kwa hiari yetu. Mtu akimtafuta ndugu yake sasa hivi anachukua picha, anaandika jina, kabila, mahali alipoonekana mara ya mwisho na namba ya simu, halafu "sambaza mpaka imfikie", na ndani ya saa chache picha iko kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Kibondo hadi Mbagala. Nia ni njema mara nyingi. Lakini picha haimchagui msomaji. Mwanamke aliyejificha Nzega anaamka kukuta majirani zake wapya wote wanajua anatafutwa, na aliyemkimbia naye anasoma kwenye kundi hilohilo maoni ya watu wema wanaojibu "huyu nilimwona juzi stendi". Wakopeshaji wa mtandaoni nao walishazoea kuwatangazia jamaa wa mdaiwa madeni yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na tangazo la "anatafutwa na familia" linawafaa sana watu wa aina hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Sidhani mtu anayebonyeza "tuma" saa nne usiku huwa anaikumbuka.

Mtoto aliyepotea sokoni, mzee aliyesahau njia ya nyumbani, mtu aliyepotea ziwani, hao ni habari nyingine. Piga kelele, nenda polisi, tangaza msikitini na kanisani, weka picha. Nawazungumzia watu wazima waliohama kwa miguu yao na akili zao.

Basi ujumbe unaachwaje? Mama mkubwa alinirudisha Mwanga wiki iliyofuata, safari hii tukiwa pamoja, bila daftari. Hakugonga mlango wowote. Tulianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa heshima, ili tusionekane tunanyemelea. Kisha tukaenda kwa fundi cherehani aliye kwenye kibaraza kilekile tangu miaka ya tisini, kwa sababu wapangaji wanahama na wenye nyumba wanakufa, lakini fundi aliyepima nguo za mtaa mzima anabaki. Hapo tukakaa. Tulikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani ni lazima. Mama mkubwa alitaja ukoo wetu, akataja miembe ya mtaani kwetu, akataja msiba mmoja wa zamani ambao fundi naye alihudhuria. Ndipo akasema neno lake, fupi, ambalo mtu asiyejua kusoma anaweza kulibeba bila kulipunguza: wana wa mdogo mtu wanaitwa kwenye nyumba ya baba yao, kwa jambo la heri, hakuna ugomvi wala deni. Aliwaambia watu watatu tu, akiwemo yule mama wa kizingitini. Nilipouliza kwa nini asiwaambie kumi, alisema neno la watu kumi ni umbea.

Hakuacha namba ya simu peke yake. Namba zinakufa. Tunakumbuka Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Binafsi nilipoteza hapo watu ambao mpaka leo sijawapata. Alitaja duka la mtu wetu sokoni, ambalo halijahama, na akasema pia kwamba atarudi kuleta majibu, yawe mazuri au mabaya. Ahadi hii ndiyo tunayoivunja zaidi. Jirani anatumika kufikisha habari, mtu anapatikana, familia inalia kwa furaha, na hakuna anayerudi Mwanga kusema "alipatikana, asante". Mara ya pili jirani huyo hana sababu ya kuhangaika.

Siku ya ishirini na sita simu ililia dukani. Alikuwa shangazi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amefariki?" Yupo Kirando, mkoani Rukwa, anafanya biashara ya dagaa. Ujumbe ulitoka kwa yule mama wa Mwanga, ukaenda kwa mchuuzi wa mwalo wa Kibirizi, ukapanda boti. Walioubeba katikati hatuwajui na hatukuuliza.

Baba mdogo hakupiga simu. Jibu lake lilikuja kwa mdomo, kupitia mtu aliyepita kwa fundi cherehani: amesikia, yu hai, anashukuru, asitafutwe. Baadhi yetu walitaka tumfuate aliyeleta jibu tuone anaishia wapi. Mama mkubwa alikataa, na nadhani alikuwa sahihi, ingawa uamuzi ule una gharama yake. Nyumba haiwezi kuuzwa. Bati la upande wa nyuma linavuja na hatukubaliani nani alitengeneze. Vyumba viwili vimepangishwa, na sehemu yake ya kodi inaandikwa kila mwezi kwenye daftari lilelile nililokwenda nalo Mwanga. Lakini hakuna tena anayesema tumwandike marehemu.

Ramadhani iliyopita mama mkubwa alimtuma mjukuu apeleke Mwanga sahani ya futari kwa yule mama, na neno jipya: shangazi amekuja kutoka Kirando, yupo Ujiji mpaka baada ya Idi. Mtoto aliporudi tulimuuliza alijibiwa nini. Akasema yule mama alipokea sahani, akaingia ndani kuimimina, akatoka nayo ikiwa na tende, akasema: "Waambie nimesikia."